Uzito wa hendikapu: kwa nini farasi bora hubebeshwa zaidi

Kwenye skrini za maduka ya kubeti, kuanzia Mtwara Mjini hadi Masasi na Lindi, orodha ya mbio za farasi za Uingereza huwa na tarakimu mbili pembeni ya kila jina: 11-8, 10-5, 12-0. Vijana wengi huzidhania ni matokeo ya mbio zilizopita, au aina fulani ya odi, yaani viwango vya malipo ya dau. Huo ni uzito. Namba ya kwanza ni stoni, ya pili ni ratili. Stoni moja ni ratili 14, yaani kilo 6.35, kwa hiyo farasi mwenye 11-8 anabeba kilo 73 na nusu mgongoni, mpanda farasi na tandiko vikiwemo, tangu mbio zinaanza mpaka zinakwisha.

Mbio za hendikapu ni zile ambazo farasi hawabebi uzito sawa. Mkadiriaji rasmi huangalia kila farasi amefanya nini huko nyuma, akampa alama, na kwa kawaida alama moja ni ratili moja. Mwenye alama nyingi hubebeshwa zaidi, mwenye chache hupunguziwa, ili kwa hesabu ya karatasi wote wafike mwisho pamoja. Uzito ule, basi, ni maoni ya mkadiriaji juu ya ubora wa farasi. Anayesoma 10-2 akasema "huyu mwepesi, leo anashinda" amesahau kwamba farasi huyo amepewa wepesi kwa sababu amekuwa akishindwa.

Mbio maarufu kuliko zote za aina hii ni Grand National, zinazokimbiwa Aintree, pembeni ya mji wa Liverpool. Zilianza mwaka 1839, zikawa za hendikapu mwaka 1843. Siku hizi ni kama kilomita 6.9, mizunguko miwili, viunzi 30 vya kuruka. Tangu 2024 farasi wanaoruhusiwa ni 34. Kabla ya hapo walikuwa 40, na idadi ilipunguzwa kwa ajili ya usalama.

Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500. Ukimwongezea kilo 10, umemwongezea asilimia mbili tu, na mtu anaweza kuuliza asilimia mbili ni kitu gani kwa mnyama mwenye nguvu vile. Jibu liko kwenye umbali. Wataalamu waliopima farasi wakikimbia na mzigo waliona kwamba oksijeni wanayotumia hupanda sambamba na uzito: asilimia mbili ya mzigo, asilimia mbili ya gharama, kila hatua. Kwenye mbio za dakika moja farasi anamaliza kabla deni hilo halijamfikia. Kwenye mbio za dakika tisa linamfikia, na linamfikia mwishoni. Aliyewahi kupandisha baiskeli yenye gunia la korosho mlima wa kwenda Newala kutokea upande wa Masasi anaijua hali hiyo: chini gunia halina neno, ila kona za juu ndizo zinazomdai.

Viunzi navyo vinaongeza. Kila anaporuka, farasi anaunyanyua mwili wake pamoja na kila ratili iliyo juu yake. Anapotua, mguu mmoja wa mbele unatangulia kupokea kishindo chote kabla ya mwenzake kufika. Kisha mwendo alioupoteza hewani lazima aurudishe kwa misuli. Fanya hivyo mara 30. Ardhi ikiwa na tope, kwato huzama na kila kiunzi kinakuwa kama kimeinuliwa. Ndiyo maana wakadiriaji hawahesabu ratili kwa bei moja kila mahali. Kwenye mbio fupi za tambarare, zisizo na viunzi, kanuni yao ya kukadiria ni kwamba pengo la urefu wa mwili wa farasi mmoja kwenye mstari wa mwisho lina thamani ya kama ratili tatu. Kwenye mbio ndefu ratili moja inatosha kununua urefu huohuo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Grand National ya mwaka 1973. Crisp, farasi mkubwa kutoka Australia, alipangiwa stoni 12, kilo 76. Red Rum, ambaye mkufunzi wake alikuwa akimfanyisha mazoezi kwenye mchanga wa ufukwe wa Southport, alipangiwa 10-5, karibu kilo 66. Tofauti ilikuwa ratili 23. Crisp alitangulia mapema na akaruka viunzi vile vikubwa kana kwamba hana kitu mgongoni. Mpanda farasi wake, Richard Pitman, aliwaacha wengine mbali kabisa. Baada ya kiunzi cha mwisho hubaki mbio za moja kwa moja zinazokaribia mita 450, na hapo ndipo kilo zile kumi zilipojitokeza. Crisp alianza kuyumba, hatua zikafupika, akawa anakimbia kama aliyezama magotini. Red Rum alimkuta karibu kabisa na mstari, akamshinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi mmoja. Muda ulikuwa dakika 9 na sekunde 1.9, rekodi mpya iliyoivunja ile ya zamani kwa sekunde zaidi ya 18. Aliyeshindwa naye alikuwa ameivunja.

Novemba mwaka uleule wawili hao walikutana tena Doncaster, safari hii kwenye mbio fupi kuliko za Aintree na kila mmoja akibeba uzito sawa. Crisp alishinda kwa urefu wa farasi wanane. Angalia hesabu, lakini: ukiondoa ratili 23 kwa kanuni ya ratili moja kwa urefu mmoja, Crisp angepaswa kushinda kwa zaidi ya ishirini. Kanuni ni kipimo cha kukadiria tu. Umbali, ardhi na afya ya siku hiyo vina kura zao. Hata hivyo mimi sina shaka kwamba Crisp ndiye alikuwa bora siku ile ya Aintree, na kwamba matokeo yale yalikuwa ya haki pia. Hendikapu inaruhusu mambo hayo mawili kuwa kweli kwa pamoja.

Na wako waliobeba mzigo mzito wakashinda. Golden Miller alichukua Grand National ya 1934 akiwa na 12-2. Red Rum mwenyewe alirudi mwaka 1974, safari hii yeye akiwa na stoni 12, akashinda, kisha akashinda tena 1977. Tiger Roll alishinda 2018 kwa 10-13. Mwaka uliofuata mkadiriaji akampandisha hadi 11-5, akashinda tena. Mwaka 2021 mmiliki wake alimwondoa kabla ya mbio, akidai uzito aliopangiwa haukuwa wa haki.

Huku kwetu Kusini farasi hakuzoeleka, na mbung'o ni sehemu kubwa ya sababu. Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo na punda, akitaka pia kuona kama wangeuhimili ugonjwa wa mbung'o. Wengi walikufa njiani, na yeye mwenyewe aliwalaumu askari wake kwa kuwapakia kupita kiasi na kuwapiga. Mnyama hawezi kusema mzigo umezidi. Kwa sababu hiyo naona sehemu yenye heshima zaidi katika mbio hizi ni mizani. Mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya kutoka. Akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Akirudi hupimwa tena, na akikutwa na upungufu unaozidi kiasi kinachovumiliwa, farasi wake huondolewa kwenye matokeo.

Liko jambo moja zaidi la kuangalia kwenye orodha. Namba ndogo ya 3, 5 au 7 pembeni ya jina la mpanda farasi maana yake ni mwanagenzi, na farasi wake anapunguziwa ratili hizo kufidia ugeni wa kijana. Kwenye Grand National nafuu hiyo haitolewi: mwanagenzi anabeba uzito kamili uliopangwa.