Mshale Unapodanganya: Dhana Potofu Kuhusu Geji za Ndege Ndogo

Kipima mwendo kinasoma pungufu. Geji inafunguliwa, inapelekwa kwenye karakana, inarudi na cheti kwamba ni nzima, inafungwa tena, na kasoro iko palepale. Fedha zimekwenda, ndege bado si salama.

Dhana: Geji ikisoma vibaya, geji ndiyo mbovu.

Geji husoma kile inacholetewa. Kipima mwendo hulinganisha hewa inayosukumwa ndani ya mrija wa pito, unaoelekea mbele, na hewa tuli inayotoka kwenye vitundu vya ubavuni. Altimita, yaani geji ya kimo, na geji ya kupanda na kushuka hutegemea hewa tuli peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, tazama ni geji zipi zimekosea kwa pamoja. Zote tatu? Shuku njia ya hewa tuli. Kipima mwendo tu? Anza na pito. Zikiyumba geji mbili za jiroskopu (gurudumu linalozunguka kwa kasi), ya mlalo wa ndege na ya mwelekeo, kagua pampu ya vakyumu, inayovuta hewa ya kulizungusha, mipira yake ya hewa na kichujio. Kichujio kilichojaa vumbi hudhoofisha jiroskopu taratibu, na wengi hawakikumbuki kabisa.

Dhana: Pito ikiziba, mshale hushuka hadi sifuri na rubani hugundua mara moja.

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Mshale hushuka hadi sifuri ikiwa mdomo wa mrija umeziba lakini kitundu cha kutolea maji kiko wazi. Vikiziba vyote viwili, hewa hunaswa ndani. Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa tuli unapungua, na mshale wa mwendo unapanda ingawa ndege haijaongeza kasi. Rubani anainua pua ili apunguze mwendo, ndege inazidi kupanda, mshale nao unazidi kupanda, mpaka mabawa yanashindwa kuibeba ndege.

Vitundu vya hewa tuli vikiziba, altimita huganda na geji ya kupanda na kushuka hukaa sifuri. Kipima mwendo husoma pungufu ukiwa juu ya kimo ambako vilizibia, na husoma zaidi ukishuka chini yake. Yaani unapokaribia kutua unaweza kudhani una mwendo wa kutosha huku huna.

Mwaka 1996 ulitoa ushahidi mchungu. Tarehe 6 Februari, Boeing 757 ya shirika la Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na kuua watu 189. Ilikuwa imeegeshwa kwa siku nyingi bila vifuniko vya pito, na wachunguzi walishuku kiota cha nyigu. Tarehe 2 Oktoba, Boeing 757 ya shirika la Aeroperú ilianguka baharini karibu na Lima, Peru, watu 70 wakafa: utepe uliobandikwa kwenye vitundu vya hewa tuli wakati wa kuosha ndege haukuwa umebanduliwa. Ndege ndogo ina mrija na vitundu vya aina hiyohiyo, na kwa kawaida haina seti ya pili ya geji ya kulinganishia.

Dhana: Mrija ulioziba unapulizwa tu.

Usipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa, mpira ukiwa bado umeungwa kwenye geji. Utando ulio ndani ni laini mno, na pumzi moja yaweza kuuharibu. Fundi mwenye leseni hutenganisha kwanza mpira na geji, hupuliza kuelekea nje, kisha hupima kama njia nzima inavuja.

Uvujaji mdogo nao haupuuzwi. Njia ya hewa tuli ikivujia ndani ya ndege, altimita na kipima mwendo mara nyingi husoma zaidi, kwa sababu humo mgandamizo huwa chini kidogo kuliko nje. Dalili ni hii: ukifungua dirisha dogo au kipasha joto angani na mishale ikaruka, hapo pana uvujaji.

Dhana: GPS itaonyesha kama kipima mwendo kimekosea.

GPS hutoa mwendo juu ya ardhi. Ndege yenye mwendo halisi hewani wa noti 100 (maili za baharini kwa saa) dhidi ya upepo wa noti 20 itaonyesha 80, na hakuna kilichoharibika. Ruka kwanza dhidi ya upepo, kisha urudi nao, uchukue wastani, halafu ukumbuke hesabu ya kimo na joto kabla ya kulinganisha na geji. Skrini za kisasa hazibadilishi jambo hili. Nazo hupata mwendo kutoka kwenye mrija uleule.

Dhana: Geji ya mwelekeo ikihama, imekufa.

Kuhama kidogo ni kawaida yake. Ilinganishe na dira ya sumaku kila baada ya dakika 15 hivi, ndege ikiwa imenyooka na haibadilishi mwendo. Dira yenyewe ikikataa kukubaliana, ondoa kwanza simu na vifaa vya masikioni vilivyo karibu nayo. Na kama redio mpya imefungwa hivi karibuni, dira ipimwe upya na kadi yake ya marekebisho iandikwe upya.