Uzito mkavu wa mgonjwa anayesafishwa damu

Mgonjwa wa figo anapofika kusafishwa damu, iwe hospitali ya KCMC hapa Moshi au kituo kingine, hupanda kwanza kwenye mzani. Muuguzi huchukua uzito wa siku hiyo, hutoa uzito mkavu, na tofauti inayobaki ndiyo maji ambayo mashine itayavuta. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye kuujua huo uzito mkavu.

Ni uzito wa chini kabisa ambao mgonjwa anaweza kumaliza nao kipindi bila maji ya ziada mwilini, bila presha kuporomoka na bila kubanwa misuli. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutaja. Daktari huusogelea hatua kwa hatua, akipunguza kidogo huku akitazama presha, mishipa ya shingo na miguu, na kusikiliza mapafu. Miguu isiyovimba si ushahidi wa kutosha, maana mtu mzima anaweza kubeba lita kadhaa kabla kidole hakijaacha shimo kwenye ngozi.

Tuseme uzito mkavu ni kilo 60 na mgonjwa amekuja na 64.5. Kuvuta lita 4.5 kwa saa 4 ni mililita 1,125 kwa saa, karibu 19 kwa kila kilo. Uchambuzi wa Flythe na wenzake wa mwaka 2011, uliotumia takwimu za HEMO, utafiti wa Marekani wa wagonjwa wanaosafishwa damu, ulikuta vifo vingi zaidi kwa waliovutwa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Huo ni uhusiano tu, kwa sababu anayekuja na maji mengi huenda alishakuwa dhaifu. Lakini namna madhara yanavyotokea inaeleweka: mashine huvuta maji kwenye damu, na yaliyo kwenye tishu huingia polepole kuziba pengo. Yakivutwa haraka kuliko yanavyoingia, presha inashuka, moyo unakosa damu ya kutosha, na fistula ya mkononi, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili damu ipite kwenda kwenye mashine, inaweza kuganda. Kwa huyu wa kilo 60, kikomo kinakuwa kama lita 3.1 kwa saa 4. Zaidi ya hapo, aongezewe muda au apewe kipindi cha ziada. Kupandisha uzito mkavu kwenye karatasi ili hesabu itoshe ni kumwachia maji.

Kosa baya kuliko yote ni kuiacha namba ileile kwenye faili miezi na miezi. Mgonjwa akiugua kifua kikuu au akikosa hamu ya kula, anapoteza nyama. Nyama zikipungua kilo 2 na mzani bado unasoma 60, kilo hizo 2 ni maji. Faili linasema amefika uzito wake, naye usiku hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Akianza kula vizuri na kunenepa, mambo hugeuka: mashine inamkamua maji anayoyahitaji. Kwa hiyo baada ya kulazwa, kuharisha au kubadilika kwa hamu ya kula, namba itafutwe upya.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina mtego wake. Koti zito likipimwa pamoja na mgonjwa, uzito wa koti huvutwa kama maji. Apimwe na nguo nyepesi zilezile, mzani uleule.

Nyumbani, chumvi ina nguvu kuliko kikombe. Gramu 8 za chumvi hushikilia takriban lita moja ya maji, kwa kuwa kiu haitulii mpaka damu irudi kwenye kiwango chake cha chumvi. Kumkataza maji huku mtori wake una chumvi nyingi ni kumtesa bure. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa apunguze chumvi hasa kuanzia Ijumaa jioni: utafiti wa Foley na wenzake wa 2011, wenye wagonjwa 32,065 wa Marekani, ulikuta vifo vingi zaidi siku inayofuata lile pengo refu la wiki.