Kampuni ya gemu ikiuzwa, gemu haifi nayo
Kwenye vibanda vya gemu pale Mwanga, Kigoma, kuna imani ya siku nyingi: kampuni iliyotengeneza gemu ikiyumba na kuuzwa, gemu zake zote zinazimika, na wewe uliyenunua umeliwa.

Imani hiyo ina chanzo. Wapo waliofungua gemu asubuhi wakakuta haiingii tena. Ila kilichozimwa hapo ni seva, yaani kompyuta ya kampuni ambayo gemu huunganishwa nayo kwa mtandao.

Kampuni ikielemewa, mnunuzi anaweza kuchukua hisa, yaani kampuni nzima na madeni yake. Au anachagua mali tu: hakimiliki, jina la gemu, msimbo wake (maandishi ya programu yanayoiendesha), pengine na mafundi wenyewe, hapo madeni kwa kawaida hubaki kwa muuzaji. Gemu ndiyo hasa inayonunuliwa, kwa hiyo mmiliki mpya mara nyingi ana sababu ya kuiendeleza. Mara nyingi, si kila mara: seva zinakula hela, na gemu isiyo na wachezaji hufungwa hata kampuni isipouzwa.

Jaribu mwenyewe. Weka simu kwenye hali ya ndege, kisha fungua gemu. Ikicheza, haitegemei seva kwa hilo. Ile diski ya gemu ya mpira wa miguu iliyochubuka kibandani inacheza tu, awe nani mwenye kampuni. Gemu ya simu ikigoma, tazama kwenye duka la programu jina la mtoaji na tarehe ya sasisho la mwisho. Tarehe ya kufunga seva nayo kwa kawaida hutangazwa humo humo ndani ya gemu, kwenye ule ujumbe ambao wengi tunaufunga bila kusoma.