Taa ya kijani haina maana hewa ni safi: dhana potofu kuhusu vifaa janja vya hewa ya nyumbani

Dhana: Kisafisha hewa kikiwaka kijani, chumba ni salama.

Kwa vifaa vingi taa hiyo hufuata kipimo cha kitu kimoja tu: vumbi laini la PM2.5 linalopita mbele ya mwali wa leza ndani ya kifaa. Gesi haizioni, na virusi haivitambui. Matone anayotoa mgonjwa wa mafua ni machache mno ukilinganisha na vumbi na moshi wa kawaida, kwa hiyo kihisi hakishtuki. Hapo ndipo hali ya kujiendesha inapoponza: kifaa hupunguza kasi hadi ya chini kabisa wakati mgonjwa yumo ndani. Nyumba ikiwa na anayekohoa, zima hali hiyo. Panga kwenye programu ya simu kifaa kikae kwenye kasi moja ya juu muda wote watu wapo, na kiendelee kama saa moja baada ya kutoka.

Dhana: Virusi ni vidogo, vinapenya filta ya HEPA (ile ya kunasa chembe ndogo mno ndani ya kisafisha hewa).

Havipenyi kirahisi hivyo. Chembe ngumu zaidi kunasa ni za kati ya mikroni 0.1 na 0.3, na hata hizo filta ya daraja la H13 hunasa angalau asilimia 99.95. Zilizo ndogo zaidi huyumbayumba ovyo hewani mpaka zikagusa uzi na kunata. Tena virusi havisafiri peke yake, vimebebwa ndani ya matone makubwa kuliko vyenyewe.

Panapopwaya ni kwenye wingi wa hewa. Mwaka 2023 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilishauri kulenga angalau mibadilisho 5 ya hewa safi kwa saa, yaani hewa safi yenye ujazo wa chumba kizima mara 5. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 54, hivyo kinataka mita za ujazo 270 kila saa. Linganisha hesabu hiyo na CADR (kiasi cha hewa safi ambacho kifaa hutoa) iliyoandikwa kwenye boksi, ukijua kwamba namba ya boksi hupimwa kwenye kasi ya juu kabisa, ile ya kelele ambayo hakuna anayelala nayo. Nunua kinachofikia 270 kwenye kasi ya kati, au weka viwili vidogo. (Kabla ya kulaumu kifaa kipya, fungua mfuniko: filta nyingi hufika zikiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki.)

Dhana: Kisafisha hewa hushusha kaboni dioksidi.

Gesi hiyo hupita kwenye HEPA kana kwamba hakuna kitu. Kinachoishusha ni hewa ya nje, ambayo ina takriban ppm (sehemu kwa milioni) 420 hadi 430. Chumba kilichofungwa, wakilala watu wawili, kinaweza kuvuka 2,000 kabla ya alfajiri. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakisaidii, kwani huzungusha hewa ileile ya ndani.

Kuna vihisi vya bei ya chini ambavyo havipimi gesi hii kabisa. Hukisia kutokana na mivuke mingine, ndiyo maana kupulizia manukato kunarusha namba juu. Tafuta kinachotumia mwanga wa infraredi, kwa kawaida kimeandikwa NDIR. Ukitaka kukijaribu, kiweke nje kivulini kwa nusu saa: kisiposhuka karibu na 430, kisawazishe upya. Vingi hujisawazisha vyenyewe kwa kudhani kwamba namba ndogo kuliko zote kwa siku kadhaa ndiyo hewa ya nje. Chumba kisichofunguliwa kamwe hukidanganya, nacho kinaanza kusoma chini ya uhalisia. Kihisi kiwe kwenye kimo cha mita 1 hadi 1.5, mbali na dirisha na mbali na pumzi ya mtu.

Ukiunganisha feni ya kutoa hewa na kihisi hicho, iwake kwenye ppm 900 na izimike kwenye 700. Ukitumia namba moja kwa yote mawili, itawaka na kuzima mfululizo. Iachie pia pa kuvutia hewa, dirisha la upande wa pili au uwazi wa sentimita moja au mbili chini ya mlango.

Dhana: Ozoni na mimea husafisha hewa bila gharama.

Ozoni huumiza mapafu; kifaa kinachoizalisha kisitumike penye watu. Mimea ni mapambo mazuri, lakini ingebidi ujaze msitu ndani ya sebule ndipo uone tofauti.

Dhana: Kihisi cha kaboni dioksidi kitatuonya kuhusu gesi yenye sumu.

Kaboni monoksidi ni gesi nyingine, haina harufu, na inaua. Feni yenye nguvu ndani ya nyumba iliyofungwa inaweza hata kuirudisha ndani kupitia bomba la moshi la hita ya gesi. Kwa hiyo kila nyumba inayochoma kitu ndani inahitaji kengele yake maalumu, yenye king'ora chake chenyewe kisichotegemea intaneti. Inayofuata kanuni ya Ulaya ya EN 50291 hulia ndani ya dakika 3 gesi ikifika ppm 300. Kitufe cha majaribio hukagua king'ora na saketi tu. Hakikagui kihisi cha gesi. Hicho huchakaa, mara nyingi kati ya miaka 5 na 10, kwa hiyo soma tarehe ya mwisho mgongoni mwa kifaa, na ikipita badilisha kengele nzima hata kama bado inalia.