Kisu cha kukunja kwa huduma ya kwanza: nichague kipi kwa pesa kidogo?

Maswali haya nimeletewa na dereva wa bodaboda wa Kimara aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura.

Dada, nina elfu ishirini tu. Ninunue kisu gani?

Kaka yangu, anza na mkasi. Kwenye ajali utachana suruali na mashati mara nyingi kuliko utakavyokata mkanda wa gari, na kazi hiyo inataka mkasi wa huduma ya kwanza, ule uliopinda wenye ncha butu inayopita juu ya ngozi bila kuichoma. Uulizie maduka ya vifaa tiba. Pesa ikibaki, ndipo ushuke Kariakoo kutafuta kisu.

Nikifika dukani nikikague vipi?

Loki kwanza. Kifungue, kisha sukuma mgongo wa kisu taratibu kuelekea mpini, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikicheza au kikianza kujikunja, mrudishie muuzaji hata kama anakupunguzia bei. Kisu kinachojifunga huku unakata kwa nguvu kitakukata vidole, na majeruhi watakuwa wawili.

Halafu ncha. Chagua ya duara au iliyokatwa butu. Utafanya kazi ndani ya gari lililopondeka, kwa tochi ya simu, na majeruhi anatapatapa. Ncha kali hapo ni hatari mpya.

Mkanda wa gari umefumwa kwa nyuzi ngumu za poliesta, kwa hiyo makali yenye meno huung'ata vizuri. Jaribu pia kukifungua kwa mkono mmoja ukiwa umevaa glavu. Jina kubwa si lazima.

Rafiki ananishauri Opinel ya Ufaransa.

Ni kisu kizuri cha jikoni na shambani. Ila kwa kawaida hufunguliwa kwa mikono miwili, pete yake ya loki huzungushwa kwa vidole, na kile cha kawaida kina ncha kali. Kwa kazi yako, hapana.

Mkanda unakatwaje?

Mtu apige 112, wewe jaribu kwanza kubonyeza kifungo chake. Kikikataa, vuta mkanda utoke mwilini, ukate mshazari mbali na shingo, makali yakielekea nje. Gari likiwa limepinduka, wenzako wamshikilie majeruhi kabla hujakata, la sivyo ataangukia kichwa. Kama hakuna moto wala hatari nyingine na anapumua vizuri, usimtoe. Huenda ameumia uti wa mgongo. Subirini waokoaji.

Kikiingia damu?

Vaa glavu, kioshe kwa maji na sabuni kikiwa kimefunguliwa, mpaka kwenye bawaba. Kisha kiloweke dakika 10 kwenye jiki: ile ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6. Usizidishe muda, jiki hula chuma. Suuza, kausha, tia tone la oili ya cherehani. Hewa ya chumvi ya Dar haisubiri, hata chuma kinachouzwa kama hakishiki kutu hushika. Na tafadhali, usikimenyee machungwa.

Naweza kukitumia kukata kitovu, mama akijifungulia njiani?

Usithubutu. Kisu cha mfukoni kinaweza kumpa mtoto pepopunda. Mkaushe mtoto, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, na kitovu kiache kilivyo hadi mfike kwa mkunga.