Chevelle ya 454 na Hemi 'Cuda: 450 haimshindi 425 hivi hivi

Mteja mwenye Chevelle kaingia gereji na simu mkononi, salamu baadaye: "Fundi, Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6 ina nguvu ya farasi 450. Plymouth 'Cuda yenye injini ya Hemi ina 425. Si imekwisha hiyo?" Haijaisha. Naandika hapa, atakayeuliza tena nimtumie tu.

"Farasi 450 ni farasi 450." Za miaka ile ni nguvu ghafi. Injini ilifungwa kwenye stendi ya kupimia, haina chujio la hewa, haizungushi altaneta, haipumui kupitia eksozi ya gari lenyewe, na taimingi (wakati wa cheche) imetegwa pale inapotoa nguvu zaidi. Iingize ndani ya gari uone wanaobaki. Mwaka 1971 General Motors walitoa vipimo vyote viwili: Corvette yenye injini ya LT-1, injini ile ile, ghafi 330, halisi (ikiwa na vifaa vyake vya garini) 275. Wale 55 hawakuwahi kugusa lami.

Modeli za 1972 zikaja na kipimo halisi peke yake, na mpaka leo watu wanalia kwamba injini za Marekani "zilikufa" mwaka ule. LT-1 ilishuka kutoka 370 mwaka 1970 hadi 255 mwaka 1972. Kompresheni (kiwango cha kukandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta) ilishushwa kweli, kutoka 11:1 hadi 9:1, lakini karibu nusu ya anguko hilo ni kubadilika kwa kipimo. Jamani, mnalia msiba wa karatasi!

Na hiyo 425 ya Hemi ya barabarani? Ilitangazwa hivyo hivyo tangu 1966 hadi 1971, hata tapeti (zinazosukuma valvu) zilipobadilishwa kuwa za hidroliki mwaka 1970. Tena ni nguvu ya mizunguko 5,000 kwa dakika, wakati 450 ya LS6 ni ya mizunguko 5,600. Huwezi kutoa moja kwa nyingine ukaniambia jibu ni 25. Kama unalo gari, lipeleke likapimwe nguvu kwenye magurudumu. Mimi karatasi ya 1970 siibishanii tena.

"Cc nyingi ndiyo mshindi." LS6 ni kama cc 7,400, Hemi kama cc 7,000. Lakini chemba ya Hemi ina umbo la nusu mpira, valvu zimeelekeana na zina nafasi ya kuwa kubwa, na juu zimekaa kabureta mbili za midomo minne. Karatasi inataja 5,000, lakini inapenda mizunguko ya juu. Chevelle inavuta mapema, kwa hiyo ukiniuliza ya kuendea sokoni nachukua Chevelle.

"Jarida liliandika muda wa robo maili." Kwa difu ipi? Chevelle yenye uwiano wa gia za difu wa 3.31 na yenye 4.10 ni magari mawili. Na kabla hujanunua kamshafti ya kuongeza nguvu, nunua tairi. Zile F70-14 za kiwandani zinasaga moshi tu.

"Hemi ni ghali kwa sababu ina kasi." Ni ghali kwa sababu ni chache. 'Cuda za Hemi za 1970 ni 652 za paa gumu na 14 za paa la kukunja. LS6 zilitoka 4,475.

Yule wa simu nilimwambia afungue boneti. Waya wa kuvuta kabureta ulikuwa umefungiwa kamba ya kiatu. Tukaanzia hapo.