Ukikaa Mombasa hadi arubaini ya msiba, kodi ya nyumba Uingereza italipwa na nani?

Mtu wa Mombasa aliyehamia Uingereza na kupanga nyumba huulizwa kuhusu ukaazi wake na zaidi ya mtu mmoja, na kila mmoja ana swali lake. Mwenye nyumba anataka kujua kama sheria ya uhamiaji inamruhusu kupanga. Wizara ya Kazi na Pensheni, DWP, inataka kujua kama kweli anaishi Uingereza, na kama viza yake inamruhusu kupokea msaada wa serikali. Halafu mamlaka ya ushuru, HMRC, inamgeukia mwenye nyumba mwenyewe na kumuuliza anaishi wapi. Ukijibu vizuri swali moja, mengine bado yako pale pale. Madeni mengi ya kodi ya nyumba ninayoletewa huzaliwa hapa: mtu ana pasipoti ya Uingereza, au amepita ukaguzi wa mwenye nyumba, basi anadhani na benefiti iko salama.

Naanza na safari za kuja nyumbani, maana ndizo zinazoangusha watu wengi.

Mwezi mmoja, na tiketi inasomwa

Kwa walio chini ya umri wa pensheni, msaada wa kodi huja ndani ya Universal Credit, benefiti ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kanuni inakuruhusu kutoka nje ya nchi hadi mwezi mmoja bila kupoteza haki yako, mradi safari haizidi mwezi na pia haikutarajiwa kuzidi mwezi tangu mwanzo. Sharti hilo la pili ndilo linaloponza. Aliyekata tiketi ya wiki 6 kuja arusini Desemba hapotezi wiki mbili za mwisho peke yake. Haki yake imekatika tangu alipoondoka, kwa sababu tarehe ya kurudi iliyo kwenye tiketi inaonyesha alikusudia nini.

Kuna la kuongezea. Universal Credit huhesabiwa kwa vipindi vya mwezi mzima, na mabadiliko yakitokea katikati ya kipindi huhesabiwa kana kwamba yalianza siku ya kwanza ya kipindi hicho. Kwa hivyo aliyeondoka siku ya 20 anaweza kukosa hata malipo ya zile siku alizokuwa Uingereza. Akirudi lazima aombe upya, na kusubiri malipo ya kwanza kunaweza kufika wiki 5 hivi. Ukijumlisha kipindi kilichokatika, wiki za safari na wiki za kusubiri, deni la kodi linakaribia miezi mitatu. Upo mkopo wa kujikimu wakati wa kusubiri, lakini utakatwa kwenye malipo yako yajayo, kwa hivyo unajikopesha mwenyewe.

Kabla ya kupanda ndege, andika safari yako kwenye jarida la akaunti yako ya Universal Credit: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na sababu. Kama una masharti ya kutafuta kazi, safari haiyaondoi mpaka mshauri wako wa kazi akubali, na ukikosa miadi ukiwa Mombasa unaweza kukatwa. Tunza kipande cha kadi ya kupandia ndege, kwenda na kurudi. Uingereza haigongi muhuri wa kutoka, na kumbukumbu za safari ambazo serikali hutumia huwa na makosa. Mwaka 2025 HMRC ilisimamisha Child Benefit, yaani malipo ya kulea watoto, ya familia nyingi kwa kutegemea data za safari, kumbe wengi wao walikuwa wamesharudi. Muhuri wa Uwanja wa Ndege wa Moi kwenye pasipoti, pamoja na kadi ya kurudia, ndio ushahidi wako.

Msiba, arubaini na eda

Akifa mtu wa karibu, mwezi huo huweza kuongezwa mwezi mwingine, ikiwa si haki kukutaka urudi ndani ya mwezi wa kwanza. Sasa angalieni sheria inamhesabu nani kuwa wa karibu: mume au mke, mtoto, mzazi, mkwe, baba au mama wa kambo, mtoto wa kambo, ndugu wa kiume au wa kike, pamoja na wenzi wao. Bibi hayumo. Babu hayumo. Mjomba, shangazi, mama mdogo, binamu, wote hawamo, hata kama ndiye aliyekulea tangu utotoni. Kwa familia zetu jambo hili ni zito na naliona si la haki, lakini afisa hana uwezo wa kulibadilisha.

Kwa hivyo, ukija kumzika mama na ukakaa hadi arubaini, unaweza kubaki salama ukieleza mapema kwa nini huwezi kurudi ndani ya mwezi. Ukija kumzika bibi ukakaa arubaini, umevuka mpaka kwa siku kumi hivi, na unaanza upya.

Eda ndiyo ngumu zaidi. Mjane akimleta marehemu mumewe kuzikwa Mombasa kisha akakaa eda hapa, miezi minne na siku kumi inapita mbali ile miezi miwili ambayo ndiyo upeo wa Universal Credit kwa sababu ya msiba. Ningependa familia zizungumze na shehe mapema, kabla ya tiketi kukatwa, kuhusu kukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na marehemu huko Uingereza. Akiamua kukaa Mombasa, uamuzi ni wake na unastahili heshima, lakini wakati huo huo familia ikae iamue nani atalipa kodi ya miezi hiyo. Vile vile mtu atazame mkataba wa nyumba umeandikwa kwa jina la nani. Ukiwa kwa jina la marehemu peke yake, mwenye nyumba au kaunsili, yaani serikali ya mtaa, waambiwe mapema, maana nyumba iliyo tupu ikiwa na jina la maiti na deni juu yake ni rahisi kuchukuliwa.

Na ugonjwa? Sheria inaruhusu hadi miezi 6 ukija kutibiwa wewe mwenyewe, au ukimsindikiza mume, mke au mtoto anayetibiwa. Kuja Mombasa kumuuguza mama hakumo. Hapo hesabu ni ule ule mwezi mmoja.

Wazee

Kwa waliofikia umri wa pensheni, kodi husaidiwa na Housing Benefit ya kaunsili, mara nyingi pamoja na Pension Credit, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo. Tangu Julai 2016 zote mbili huruhusu wiki 4 nje ya nchi, wiki 8 kwa msiba wa mtu wa karibu, na wiki 26 kwa matibabu. Ni wiki 4, si mwezi wa kalenda. Mzee aliyezoea kukimbia baridi na kukaa Mombasa kuanzia Novemba hadi Machi hupoteza zote mbili. Pensheni ya serikali yenyewe humfuata popote, ila akihamia Kenya kabisa haipandi kila mwaka kama ya aliyebaki Uingereza. Kenya haimo katika nchi zinazopata nyongeza hiyo.

Nyumba ya Kisauni kwenye hesabu

Universal Credit hukoma kama mali yako inazidi pauni 16,000, na huanza kupunguzwa kuanzia pauni 6,000. Nyumba au kiwanja kilicho Mombasa ni mali, hata kama hati iko kwa wakili na hakijawahi kukuletea hata shilingi. Ikiwa ndani anaishi mzazi wako aliyefika umri wa pensheni, au ndugu wa karibu asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa, nyumba hiyo haihesabiwi. Ukiwa umepangisha watu baki, inahesabiwa. Itaje mwenyewe. Ikigunduliwa baadaye, utadaiwa malipo ya miaka yote iliyopita.

Kurudi Uingereza baada ya miaka

Raia wa Uingereza aliyekaa Mombasa miaka minne kisha akarudi hushangaa kuambiwa hana haki ya Universal Credit. Anayemzuia ni mtihani wa ukaazi wa kawaida, ulioanza Agosti 1994, na raia nao huufanya. Wanaangalia mambo mawili: kwamba umekusudia kweli kuishi huko, na kwamba umeshakaa muda wa kutosha kuonyesha hivyo. Muda huo haukuandikwa popote. Kwa kawaida ni kati ya mwezi mmoja na mitatu, na ushahidi mzuri huufupisha.

Ushahidi unaosaidia ni ule unaoonyesha umefunga mambo huku na kuyafungua kule: tiketi ya kwenda tu, risiti ya kusafirisha vyombo, barua ya kuacha kazi Mombasa, mkataba wa kupangisha nyumba yako ya Nyali kwa mtu mwingine, barua ya shule ya watoto Uingereza, usajili kwa daktari, akaunti ya benki, mkataba wa nyumba uliyopanga. Tiketi ya kurudi Mombasa baada ya miezi mitatu huharibu yote hayo. Aliyetoka kwa likizo fupi tu hana haja ya kuogopa, kwa kuwa ukaazi wake haukukatika.

Ukikataliwa, omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja, na ukishindwa tena una mwezi mmoja wa kukata rufaa kwenye mahakama ya rufaa za kijamii. Wakati huo huo peleka maombi mapya, na wengi hulisahau hili. Rufaa itaangalia hali ilivyokuwa siku ya uamuzi wa kwanza. Maombi mapya yataangalia leo, ambapo umeshakaa wiki sita zaidi. Anayesubiri rufaa bila kuomba upya hupoteza miezi ambayo angelipwa bila ubishi. Kwa hivyo njoo na kodi ya miezi mitatu mfukoni, na mwambie mwenye nyumba ukweli huo kabla ya kutia sahihi.

Viza isiyoruhusu msaada

Viza ya mume au mke, ya mwanafunzi, ya kazi, pamoja na ya wahudumu wa afya na wa kutunza wazee, kwa kawaida huja na sharti la kutopokea fedha za umma. Universal Credit, Housing Benefit na nyumba za kaunsili zimo ndani ya katazo hilo. Matibabu ya NHS, huduma ya afya ya serikali, na shule za serikali hazimo, wala pensheni na malipo yanayotokana na michango ya kazi. Mke aliyetoka Mombasa kwa viza ya ndoa akiwa na mume raia, mume ndiye anayeomba, tena kama mtu mmoja, huku mshahara na mali za mke zikihesabiwa. Akiachwa au akifukarika, anaweza kuiomba Wizara ya Mambo ya Ndani imwondolee sharti hilo, na maombi hayo hayalipiwi. Asiombe benefiti kabla ya kujibiwa, maana kuvunja sharti la viza kunaweza kuharibu maombi yake ya ukaazi wa kudumu.

Mama aliyeletwa na mwanawe kwa dhamana ya maandishi ya kumtunza hana haki ya Pension Credit kwa miaka 5, isipokuwa huyo mdhamini afariki.

Upande wa mwenye nyumba

Tangu 1 Februari 2016, karibu kila anayepangisha katika England nzima, hata chumba kimoja cha nyumba anayoishi, lazima akague haki ya kupanga ya kila mtu mzima. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hazina kanuni hii. Raia huonyesha pasipoti, hata iliyokwisha muda. Mwenye viza hutoa namba ya siri ya mtandaoni inayodumu siku 90, na mwenye nyumba huikagua kwenye tovuti ya serikali pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya mpangaji. Hifadhi ukurasa wa jibu. Kwa mwenye viza ya muda, ukaguzi uwe ndani ya siku 28 kabla ya mkataba kuanza, kisha urudiwe baada ya miezi 12 au viza inapokwisha, ipi ije mwisho. Faini tangu Februari 2024 ni hadi pauni 10,000 kwa kila mpangaji na 5,000 kwa kila mwenye kupanga chumba, nayo huongezeka maradufu ukirudia.

Ukaguzi huo haukwambii lolote kuhusu benefiti. Mtu wa viza ya kazi ana haki kamili ya kupanga na hana haki yoyote ya Universal Credit. Mwenye nyumba anayetegemea benefiti kulipa kodi amuulize mpangaji kama barua ya uamuzi imeshafika. Deni likifika miezi miwili, anaweza kuiomba DWP imlipe kodi moja kwa moja, na kipande kidogo cha kupunguza deni. Ombi hilo linafanya kazi tu ikiwa Universal Credit ya mpangaji bado iko hai. Ikiwa ilikufa siku alipopanda ndege kuja Mombasa, hakuna cha kuelekezwa.

Na wewe unayeishi Mombasa huku ukipangisha nyumba yako Luton au Slough: ukikaa nje miezi 6 au zaidi kwa mwaka, HMRC inakuhesabu mwenye nyumba asiye mkaazi. Wakala wako lazima akate asilimia 20 ya kodi, baada ya gharama, na kuipeleka HMRC, mpaka uombe kwa fomu ya NRL1 na ukubaliwe kupokea kodi nzima. Kukubaliwa hakukuondolei ushuru, kwa kuwa bado utajaza ritani kila mwaka. Usipokuwa na wakala na kodi ikizidi pauni 100 kwa wiki, jukumu la kukata ni la mpangaji. Asipokata, ushuru huo atadaiwa yeye, na wapangaji wengi hata hawajui kwamba mwenye nyumba wao anaishi Mombasa.